Ubao wa Randa na Popo wa Mzee Ngwila

Ubao wa randa haulazi popo.

Mmeyasikia maneno hayo leo mchana, wajukuu zangu, shangazi yenu alipomjibu yule mshenga aliyezungumza mpaka chai ikapoa. Watu wazima wakacheka, nanyi mkacheka nao, kisha mkaja kuniuliza mlikuwa mnacheka nini. Mmefanya vizuri. Methali nyingi tulizikuta zikiwa zimekwisha zeeka, lakini hii niliiona ikizaliwa uani kwa jirani, mswaki ukiwa bado mdomoni mwangu. Ilizaliwa hivi.

Ng'ambo ya ua wetu, hapa hapa bondeni Kilombero, aliishi seremala Anselmi Ngwila pamoja na Redemta, mjane wa mwanawe. Mwanawe, Longino, alichukuliwa na homa wakati wa masika, kabla hawajajaliwa mtoto. Wakabaki wawili katika nyumba ile, baba mkwe na mke wa mwana, na desturi yetu mnaijua. Baba mkwe hasemi ovyo na mke wa mwanawe. Husema kwa mbali, kwa heshima, maneno yakiwa yamepangwa kama vyombo vya wageni. Na Mzee Ngwila alikuwa fundi wa maneno kama alivyokuwa fundi wa mbao. Arusi zote za kijiji alisema yeye.

Kila asubuhi Redemta alianza siku yake nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa. Juu pale, kati ya nyasi na ukuta, waliishi popo wadogo, wale wanaokula wadudu, tangu Longino akiwa mtoto. Redemta alijifunga khanga puani, akanyunyiza maji, akafagia mavi yao, akayatia kwenye ndoo na kuyapeleka kwenye matuta ya mchicha. Hakuna mwanamke mtaani aliyekuwa na mchicha kama ule. Tulimwomba mbegu, naye alicheka tu, akatuonyesha ndoo.

Asubuhi moja aliinama na fagio lake, akakuta chini ni peupe. Hapakuwa na cha kufagia.

Akainua uso. Palipokuwa na ufa, palikuwa na ubao mpya unaong'aa. Mzee Ngwila alikuwa ameondoa nyasi na kuezeka bati, na jioni ya jana, popo walipokwisha kutoka kuwinda, aliziba upenyo wa mwisho. Sasa walikuwa wamerudi. Walizunguka nyumba kama wenye wazimu, wakakiendea kile kibao, wakakigonga, wakarudi nyuma, wakakiendea tena. Jua lilipochomoza walitawanyika kwenye migomba yangu, mmoja mmoja, wakaning'inia chini ya majani makavu.

Redemta alikuja kwangu na fagio mkononi. Nilidhani analia kwa ajili ya popo.

"Tekla," akaniambia, "nyumba inatengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Mimi nimeshahesabiwa kuwa nimekwenda."

Mwaka wa msiba ulikuwa unakaribia kwisha. Ukiisha, ndugu wa mjane huja kuuliza kama dada yao anabaki kwa wakwe au anarudi kwao, na kwao Redemta ni Mahenge, juu milimani. Yeye alitaka kubaki. Alikuwa na matuta yake, na mpunga wake, na mzee aliyempenda kama baba aliyemzaa. Lakini mjane hajiombei kubaki, huombwa. Akijiomba, watasema amekosa pa kwenda. Basi alikuwa anangoja kuombwa, na badala ya kuombwa, ameona ubao.

Nilimshauri angalau aseme habari ya popo, maana hiyo haikuwa aibu. Akaenda, akapiga goti, akamweleza mzee kwamba wale popo ndio walinzi wa mpunga. Nondo wanaotaga mayai kwenye mpunga, ambao funza wao hutoboa mashina mpaka masuke yanatoka meupe bila punje, ndio chakula cha popo. Mzee Ngwila aliposikia alishika kichwa. Akaapa kuwajengea nyumba nyingine, yao wenyewe, huko huko uani.

Redemta alikuwa amewahi kuelezwa na bwana shamba namna nyumba hiyo inavyojengwa, naye akamweleza mzee. Ni sanduku jembamba linalosimamishwa wima. Chini halina sakafu, maana popo huingilia chini na kupanda. Ndani hugawanywa kwa mbao, na kati ya ubao na ubao huachwa nafasi ya kidole tu, kwa kuwa popo hupenda kubanana. Haipakwi rangi. Hutundikwa juu, mbali na matawi, ikilitazama jua la asubuhi ili ipate joto. Na mbao ziachwe kama zilivyotoka kwenye msumeno.

Mzee Ngwila aliitikia kwa kichwa kila neno. Akayatii yote isipokuwa la mwisho.

Msimlaumu upesi. Katika karakana ile haukuwahi kutoka ubao usiopigwa randa. Vitanda vya maharusi, milango ya kanisa, hata majeneza, vyote vilitoka laini. Aliona kumpa kiumbe ubao unaokwaruza ni sawa na kumpa mgeni ugali wa jana. Basi alichagua mninga mzuri, akapiga randa, akapiga msasa, akapiga msasa tena. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Wengine walisema amerukwa na akili kwa kumjengea popo, wakati watu wanamfukuza kwa moshi. Wengine waliuliza kama popo watalipa kodi. Mimi nilipitisha kidole kwenye ubao, nikamuuliza kama hiyo ni nyumba ya popo au kabati la bibi arusi. Mzee akajibu kwamba Tekla akipata mume mwingine atatengenezewa kama hiyo, apate kuning'inia vizuri. Tulicheka sana siku ile.

Redemta peke yake hakucheka. Aliuona ung'aavu ule, akarudi kwenye matuta yake. Nani atamwambia baba mkwe, mbele ya watu, kwamba kazi yake ni nzuri kupita kiasi?

Walisimamisha nguzo ndefu karibu na jiko, wakalitundika sanduku juu yake. Kesho yake, kabla ya jua, ua ulijaa. Watu walikuja na miswaki, na watoto mgongoni, na vikombe vya uji. Mbingu ilipoanza kupauka nikasikia mabawa. Walikuja kutoka mashambani, wakauzunguka ukuta wao wa zamani, kisha mmoja akaliona sanduku. Akalijia kwa chini, sawasawa kama Redemta alivyosema, akalishika.

Akateleza.

Akarudi, akateleza tena. Mwenzake akajaribu, naye makucha yake yakapita kwenye ubao kama kwenye kioo. Walirudi na kurudi, mpaka mwanga ukawatisha, wakakimbilia kwangu migombani. Asubuhi zilizofuata ilikuwa vile vile. Watu wakaanza kubaki makwao. Mzee Ngwila akazidi kupanda ngazi na kulifuta sanduku kwa kitambaa, akidhani ni vumbi.

Habari ikaja kwamba ndugu zake Redemta wako njiani. Redemta alimkuta mzee chini ya nguzo, akamwambia kwamba angependa kuwaona popo wameingia kabla hajaondoka. Alisema hivyo makusudi, wajukuu zangu. Alimfungulia njia. Alitaka aulizwe, unaondoka uende wapi?

Mzee Ngwila akakohoa, akavua kofia.

"Mwanangu," alisema, "mlango wa nyumba hii ni mpana. Aingiaye twamkaribisha, atokaye twamwombea heri."

Ni maneno mazuri, sivyo? Yangefaa arusini. Redemta alishukuru kwa goti, akaingia ndani, akaanza kufunga nguo zake kwenye kitenge. Nilimkuta hapo. Akaniambia kwamba ameagwa kabla ya kuaga.

Asubuhi ya kesho yake tulikuwa wachache uani. Popo walikuja tena, na mmoja, nadhani alikuwa amechoka, aliteleza na kuanguka chini kabisa, karibu na kinu. Popo akiwa chini hawezi kuruka vizuri. Hutambaa kama kizee. Redemta hakumshika kwa mkono. Alimsogezea ungo, akampandisha, akamwegemeza kwenye mlingoti wa jiko, gogo la zamani lenye magome na nyufa. Mngemwona! Alipanda kama ngazi, makucha yakishika hapa na pale, mpaka juu, akajiachia, akaruka.

Redemta akaweka kiganja chake kwenye gogo, kisha akapanda ngazi mwenyewe, akaweka kiganja kwenye sanduku. Kiganja kikashuka chenyewe.

"Baba," akasema kutoka juu, "hawana pa kushika."

Mzee Ngwila naye aliweka kiganja kwenye gogo. Halafu akalitelemsha sanduku, akalifungua msumari kwa msumari, akachukua patasi. Redemta alizishika mbao, naye mzee akazikwaruza mistari ya mlalo, mmoja juu ya mwingine, kutoka chini hadi juu. Mninga ule uliokuwa unang'aa ukawa kama uso uliopata ndui. Kwa mtu kama yeye, huko kulikuwa kujikata mwenyewe, lakini alipofika ubao wa mwisho alikuwa anapiga mluzi. Redemta alikoroga kwa maji mavi ya popo yaliyobaki kwenye ndoo, akapaka ndani, wasikie harufu ya kwao. Jioni sanduku lilikuwa juu ya nguzo tena, na ndugu zake Redemta walikuwa wamefika, wamekula, wamelala.

Alfajiri hakuna aliyebaki kitandani. Hata waliotucheka walikuja. Kaka mkubwa wa Redemta, Gaudensi, mtu mrefu wa maneno machache, alisimama amejifunika blanketi na kuuliza kwa nini kijiji kizima kinatazama kabati lililotundikwa. Kabla hatujamjibu, wakaja.

Wa kwanza alilijia sanduku kwa chini. Akashika. Akatulia. Kisha akapanda, kidogo kidogo, kiuno kikitikisika, akapotea ndani. Akaja wa pili, naye akapotea. Halafu wakaja wote, kama maharagwe yanayomiminwa kwenye gunia, wakigombania nafasi, wakilia vilio vyao vyembamba, na mimi nikapiga kigelegele mpaka sauti ikakauka. Wanawake wakaitikia. Mzee Ngwila alikuwa anarukaruka kama mbuzi, mtu wa umri wake, kofia iko chini na mtu ameikanyaga. Redemta alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka huku anacheka.

Katika furaha ile ile Gaudensi akakohoa. Alisema wameona mambo ya ajabu na wanashukuru, lakini safari ya Mahenge ni ndefu na jua halingoji. Wamekuja kusikia neno la mzee kuhusu dada yao.

Kitenge chenye nguo kilikuwa tayari mlangoni, kimefungwa fundo. Mzee Ngwila akaitafuta kofia yake, akaikung'uta, akasimama kama asimamavyo arusini.

"Wakwe zangu," akaanza, "mto hauzuiwi njia yake. Sisi tulipewa ua, tukalinusa, na mwenye bustani akilitaka ..."

Nilimtazama Redemta. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Alikuwa ameanza kuinama kuchukua mzigo. Hapo, wajukuu zangu, mdomo wangu haukuniomba ruhusa.

"Mzee Ngwila," nikasema, "ubao wa randa haulazi popo."

Mtu mmoja akacheka. Mzee alinitazama kwa hasira. Halafu akalitazama sanduku, lile lililokwaruzwa na mikono yake mwenyewe, lililojaa viumbe mpaka linatikisika. Akavuta pumzi kutaka kuendelea na hotuba yake, lakini haikuja. Nikaona mtu aliyezoea kusema mbele ya mamia anatafuta neno moja.

Alimgeukia Redemta. Hakuwageukia wakwe, alimgeukia yeye, macho kwa macho, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Usiende," alisema. "Bati nilikuezekea wewe, usinyeshewe. Ule ufa niliuziba kwa sababu ya harufu, usichukie nyumba. Longino hayupo, na wewe ukiondoka sina mtu. Nataka ubaki. Sijui namna nyingine ya kusema."

Alikuwa analia waziwazi. Hakuifuta pua, hakuomba radhi. Gaudensi aligeuka akatazama migomba, kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha hodi.

Redemta alikuwa bado ameinama, mkono kwenye fundo la kitenge. Akaliachia. Akasimama wima, naye hakupiga goti.

"Sikutaka kuondoka, Baba," akasema. "Hata siku moja sikutaka. Nilikuwa nangoja uniambie."

Ubao wa randa haulazi popo.