Bi Mize Alipomfungia Paka Wake

Paukwa!

Pakawa!

Nitoe?

Toa tusikie!

Niitoe tamu au niitoe chungu?

Itoe ilivyo, tutaionja wenyewe!

Basi tulieni. Hapo zamani, zamani za kale, kabla bibi wa bibi zenu hajaota jino, palikuwa na mji ukiitwa Magungu, kando ya bonde la mpunga. Katika mji huo aliishi mwanamke mmoja, jina lake Bi Mize.

Bi Mize alikuwa mtunza mbegu. Kila nyumba ya Magungu, ikishavuna, ilitenga mbegu yake, ikaitia ndani ya kanda, mfuko mrefu uliosukwa kwa ukindu, ikaipeleka kwa Bi Mize. Naye aliyapanga makanda hayo ndani ya ghala, na ghala hilo lilisimama juu ya nguzo nne nyuma ya nyumba yake. Masika yakikaribia, watu walikuja, kila mtu akachukua kanda lake, akaenda kupanda. Ndivyo walivyoishi. Kwao, aliyekula mbegu alikuwa amekula mwaka mzima.

Mume wa Bi Mize alikuwa amekufa. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti, Mwanakheri. Huyo aliumwa na nyoka pembezoni mwa konde, akazikwa siku ile ile. Tangu hapo Bi Mize alibaki na paka wake, dume jeusi lenye kifua cheupe. Akamwita Chaurembo.

Sasa Chaurembo huyu alikuwa paka wa kuzurura. Kila asubuhi alilizunguka ghala. Akapanda ngazi, akanusa pembe zote, akashuka. Akaenda bondeni. Akaenda vichakani. Adhuhuri akarudi, akalala miguuni pa Bi Mize. Panya wote wa Magungu walimjua. Walikuta harufu yake kwenye nguzo, wakapita mbali.

Siku moja Chaurembo akarudi sikio limechanika. Bi Mize akamkanda kwa maji ya moto.

Siku nyingine akarudi na kifaranga kinywani, na nyuma yake anakuja jirani, Mzee Kibwana, fimbo mkononi.

"Dada Mize! Huyu paka wako ananimalizia kuku!"

"Nisamehe, kaka. Nitamkanya."

"Paka hakanyiki kwa maneno. Siku nitakayomvunja mguu, tusilaumiane."

Siku ya tatu hakurudi kabisa. Ikapita siku, ikapita ya pili. Bi Mize hakula. Alikwenda bondeni akaita, akaenda vichakani akaita. Kesho yake Chaurembo akaja mwenyewe, anachechemea, matope mpaka masikioni.

Bi Mize alikuwa akimfuta matope yale aliposikia sauti dirishani.

"Hodi, mwenye nyumba."

Alikuwa Buku, yule panya mkubwa wa porini, mwenye mashavu kama mifuko. Na zamani hizo, wasikilizaji wangu, watu na wanyama walisemezana, wala adui hakufukuzwa kabla hajasema lake.

"Sema," alisema Bi Mize.

"Sikuja kwa ubaya, bibi. Mimi ni mzazi kama wewe. Ninao watoto tisa, na wote nawaweka ndani. Leo nimemwona mwewe anazunguka juu ya bonde, macho yake yote kwa Chaurembo. Ningekuwa wewe, nisingepata usingizi."

Bi Mize akashangaa kidogo. Panya kumwonea paka huruma? Lakini hofu ikishaingia moyoni, haiulizwi imeletwa na nani. Akaenda akafunga mlango wa ua, akaweka gogo nyuma yake.

Chaurembo akazunguka uani, akarudi mlangoni, akaimba:

*Mize, mama Mize,*
*nifungulie nikazunguke.*
*Ghalani wamo wadogo wadogo,*
*wana meno, watafuna.*

Bi Mize akamjibu, "Tulia, mwanangu. Nje kuna mabaya."

Zikapita siku saba. Buku akaja tena.

"Hodi, bibi. Ua huo paka anauruka. Nami nimeona nyoka ametaga kwenye majani pale nyuma. Nyoka mrefu, wa kijani. Nimeona nikwambie."

Bi Mize aliposikia nyoka, akatua ungo chini. Hakungoja neno la pili. Akamchukua Chaurembo, akamtia chumbani, akafunga mlango.

Chaurembo akaimba nyuma ya mlango:

*Mize, mama Mize,*
*nifungulie nikazunguke.*
*Ghalani wamo wadogo wadogo,*
*wana meno, watafuna.*

"Tulia, mwanangu. Nje kuna mabaya."

Zikapita siku saba nyingine. Buku akaja mara ya tatu.

"Hodi, bibi. Mlango wako umeoza chini. Nimemwona fungo, yule mla kuku wa usiku, anaukwaruza kwa makucha. Basi, mimi nimesema. Mwana ni wako."

Bi Mize akatoa tenga la kuku. Akatandika kitambaa kizuri, akamweka Chaurembo ndani, akalifunga tenga kwa kamba, akalisogeza karibu na kitanda chake. Akamletea dagaa. Akamletea tui la nazi. Akakaa anamtazama.

Chaurembo akaimba mara ya tatu, polepole, kama mtu anayesoma kitu asichokijua vizuri. Bi Mize akamjibu vilevile. Baada ya siku hiyo Chaurembo hakuimba tena. Akanenepa. Akaacha kujilamba. Wageni wakija hakuinua kichwa.

Lakini Bi Mize alikuwa na raha. Alisema moyoni mwake, "Sasa angalau najua alipo." Akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu amzike binti yake. Kila jioni alichungulia ghala kutoka mlangoni, akayaona makanda yamesimama kama alivyoyapanga, yamejaa, akarudi kwa paka wake.

Mwezi ukaandama, mwezi ukaisha. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa kusini. Mzee Kibwana akaja kabla ya wenziwe wote.

"Dada Mize, mvua imekaribia. Nipe kanda langu nikapande."

Wakapanda ngazi pamoja. Bi Mize akaliinua kanda la Mzee Kibwana. Likainuka jepesi kama kiota. Akaligeuza. Yakamwagika makapi matupu, na chini kabisa tundu la ukubwa wa ngumi.

Akainua la pili. Makapi. Akainua la tatu. Makapi. Makanda arobaini yalikuwa humo, na yenye mbegu yalikuwa matatu tu.

Mzee Kibwana akakaa kwenye ngazi. Hakupiga kelele. Akachota makapi kwa kiganja, akasema, "Dada Mize, na mimi nilikujia juu kwa ajili ya kifaranga kimoja."

Bi Mize alitamani mzee yule amtukane. Matusi angeweza kuyajibu.

Habari ikaenea kabla ya adhuhuri. Watu wakajaa uani. Wengine walisema mwanamke huyu afukuzwe mjini. Wengine walisema kufukuza hakuoti shambani. Akasimama mama mmoja mkunga, akauliza, "Bi Mize, kwani paka wako yuko wapi?"

"Yuko ndani. Yuko kwenye tenga."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

Watu wakatazamana. Bi Mize akainua upindo wa kanga akajifunika uso, akaingia ndani.

Akachukua kisu, akakata kamba, akafungua tenga. "Toka, mwanangu."

Chaurembo hakutoka.

"Toka, Chaurembo. Mlango uko wazi."

"Miguu imesahau," alisema Chaurembo.

Bi Mize akapiga magoti. "Niliogopa utakufa."

"Najua uliogopa," alisema paka. "Lakini humu ndani, mama, wewe uliniona naishi?"

Bi Mize akainama juu ya tenga. Akambeba mikononi, akampeleka ghalani, akamweka chini ya ngazi.

Siku ya kwanza Chaurembo alilala pale alipowekwa. Panya walimchungulia kutoka darini, wakacheka.

Siku ya pili alipanda kipago kimoja cha ngazi, akaanguka. Panya wakacheka. Bi Mize alinyoosha mkono kumwokota, kisha akaurudisha mkono. Mkono ulikuwa mzito kuurudisha.

Siku ya tatu alipanda vipago viwili, akasimama hapo anahema. Hapo Buku akatokea kwenye ua.

"Bibi! Bibi Mize, unataka kumuua mwanao? Mwone alivyochoka. Mrudishe ndani, bibi, mwewe hajaondoka."

Bi Mize akageuka, akamtazama Buku. Mara tatu Buku alikuwa amekuja, na mara tatu Bi Mize alisikia maneno tu, wala hakumtazama mwenye maneno. Leo alimtazama. Akaona manyoya yanang'aa. Akaona tumbo limeshuka. Akaona mashavu yamevimba, na maneno yanatoka kwa shida.

"Mama Buku, asubuhi hii umekula nini?"

"Mizizi tu, bibi. Sisi wa porini chakula chetu ni…"

Punje moja ya mpunga ikamtoka mdomoni, ikaanguka chini katikati yao. Bi Mize akaitazama. Buku naye akaitazama.

"Chaurembo!" alipiga kelele Bi Mize.

Chaurembo akaruka kutoka kwenye ngazi. Alianguka vibaya, akainuka. Buku akakimbia, mashavu yamemlemea. Chaurembo akafuata, anachechemea. Wakapita shamba la mihogo, wakapita kisima, wakafika kwenye kichuguu pembeni mwa bonde. Buku angeyatema yaliyomo mashavuni, angeliwahi shimo. Hakuyatema. Chaurembo akamkamata mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe, akammaliza.

Watu wakaja na majembe. Wakachimba kichuguu kile, wakakuta chumba, na nyuma ya chumba chumba kingine, na mbegu zimejaa mpaka juu. Wale watoto tisa wakatawanyika bondeni, kila mmoja na njia yake.

Lakini mbegu zile zilikuwa zimechanganyika, mpunga na mtama na kunde, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema hii yangu, hiyo yako. Wakakaa siku tatu uani kwa Bi Mize, wazee kwa watoto, wanachambua. Walipomaliza, wakagawana kwa haki. Kila nyumba ikapata nusu ya ilichoweka.

Mwaka ule Magungu walilima mashamba nusu. Walikula viazi vikuu, wakala majani ya kunde, wakakaza mikanda. Hakufa mtu. Bi Mize hakufukuzwa, ila waliwekwa watu wawili wa kulikagua ghala pamoja naye kila mwezi. Alikubali bila kunung'unika.

Naye Mzee Kibwana akaja na neno lake.

"Dada Mize, paka na atembee. Sisemi tena kufunga. Ila kuku wangu wakiangua, niwekee huyu bwana ndani siku chache, mpaka vifaranga vijue kukimbia."

"Hilo ni haki yako, kaka."

Wakamuuliza Chaurembo. Chaurembo akalamba mguu, akafikiri, akasema siku chache anaziweza, maadamu siku zenyewe zina hesabu. Na hivyo ndivyo walivyofanya. Siku za vifaranga alikaa ndani. Siku nyingine alizurura. Baadhi ya siku alirudi adhuhuri, nyingine alirudi jua limeshazama, na mara mbili alirudi na majeraha. Bi Mize aliyakanda. Hofu haikumtoka, lakini alijifunza kukaa nayo, kama mtu anavyokaa na jirani mwenye kelele.

Ikapita miaka minane. Ghala halikutobolewa tena. Chaurembo akazeeka, ndevu zikawa nyeupe kama kifua chake. Asubuhi moja ya masika akalizunguka ghala, akapanda ngazi, akashuka, akaelekea bondeni. Adhuhuri hakurudi. Siku ya pili hakurudi. Siku ya saba Bi Mize alijua.

Akalia. Majirani wakaja kumpa pole, wakakaa naye mkekani. Mwanamke mmoja mgeni, aliyeolewa Magungu mwaka ule tu, akasema kwa huruma, "Laiti ungemfungia, bibi, ungekuwa naye leo."

Bi Mize akafuta macho.

"Nilishawahi kumfungia, mwanangu," alisema. "Siku zile ndizo ambazo sikuwa naye."

Na funzo la ngano hii ni hili: umpendaye mlinde, lakini usimlinde mpaka ukamnyima kazi yake na maisha yake. Na anayekuletea hofu mlangoni, kabla hujakaza kamba, muulize kwanza yeye anapata nini.

Mimi nimeitua hapo. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi niliyeubeba. Aliyesinzia na akamuulize mwenzake.