Mashine Iliyomzika Mzee Shekiondo

Paukwa!
Pakawa!
Mlango wa masikio?
U wazi, mwaga!

Hapo zamani za juzi, wala si kale, katika mji mmoja wa mlimani, palikuwa na mtangazaji wa redio, jina lake Mwantumu. Kazi yake ilikuwa matangazo ya vifo. Na desturi ya mji ilikuwa moja: hatangazi mpaka afike nyumba ya msiba, awape pole wafiwa. Akapanda mlima, akashuka mlima, akapanda tena.

Siku moja magoti yakamgomea. Na redioni palikuwa na akili mnemba, mashine isomayo jumbe za mji mzima ikaandika habari kabla chai haijapoa.

"Mashine, kwa Mzee Shekiondo, yule mgonjwa, kuna nini?"

"Wamekodi turubai."

"Kuna nini tena?"

"Wameazima masufuria makubwa."

"Na nini tena?"

"Wamemwita shehe, na jamaa wanatoka mbali. Mzee Shekiondo amefariki dunia."

Moyo ukamwambia Mwantumu, nenda. Magoti yakamwambia, kaa. Akayasikiliza magoti, ndugu zangu! Akatangaza.

Mji ukalia. Nami, Mola anisamehe, nilieneza bila kuuliza. Tulipofika, nani yuko mlangoni? Mzee Shekiondo, kijiko mkononi! Amepona ugonjwa wa miezi sita, kaandaa dua ya shukrani.

Mwantumu akaja mbio, magoti na yote.

"Babu, nimekuzika mzima. Mashine iliandika, lakini mdomo ni wangu. Nisamehe."

"Mjukuu wangu, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Basi lingoje nimalize pilau!"

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja hakucheka. "Kesho tutamwamini nani? Mimi redio nazima."

Neno hilo likamchoma Mwantumu. Akarudi redioni, akasema mbele ya mji mzima: "Sikufika. Sikuona. Nikasema."

Mzee Shekiondo, aliyemfuata, akanyakua kipaza sauti. "Mimi marehemu wa asubuhi nasema: aliyekosa akakiri, mpokeeni. Redio msizime!"

Hawakuzima. Na mashine haikutupwa. Mwantumu aliiagiza imalizie kila habari hivi: "Bado hakuna aliyefika." Akisoma hapo, huchukua mkongojo wake, akatoka kwenda kuona, ndipo atangaze.

Hapo ngano yangu imechoka kutembea. Aliyeshiba amshukuru Mungu. Mwenye shaka, akaulize mwenyewe.