Bi Kazija na Njia ya Rasini

"Safari hupimwa kwa mguu wa mchovu." Mmelisikia neno hili leo mkipanga matembezi yenu ya msituni, mkataka kujua limetoka wapi. Chanzo chake ni hiki.

Nchi yetu ni ndogo. Ukipiga chafya mashariki, wa magharibi wanakuombea rehema. Lakini ina msitu mnene, na ukitoka msituni unakuta mkono wa bahari wenye mikoko. Ng'ambo yake ndiyo Rasini, walikozikwa wazee wetu. Kila mwaka watu huenda kwa miguu kuzuru makaburi. Maji yakipwa, unavuka. Yakijaa, huvuki.

Mwaka mmoja msafara uliongozwa na Fumu Ali, mchonga milango, mtu wa miraba minne. Njia aliipima kwa miguu yake mwenyewe. Wenye nguvu wakamfuata, wakavuka. Wengine walipotokeza msituni, maji yalikuwa yamekwisha jaa. Dua moja ikasomwa kwenye kingo mbili, watu wakiitikiana "amina" kwa kelele. Miongoni mwa waliobaki alikuwa Bi Mize, mjane mwenye goti bovu. Mumewe alizikwa Rasini, na kaburi lake alikuwa hajalitia machoni.

Mwaka uliofuata kazi akapewa Bi Kazija, msuka mikeka, aliyezoea kuingia msituni kukata ukindu. Nasema wazi: sijasikia mpangaji mfano wake. Kabla ya safari alimchukua Bi Mize, wakaijaribu njia wawili tu, polepole. Kila alipokaa Bi Mize, Kazija alifunga ukindu mtini: hapo ni kituo. Kisha akautazama mwezi, akachagua siku ya bamvua, maji yanapokupwa mbali.

Siku yenyewe ilipofika, alimweka Bi Mize mbele, akakataza mtu kumpita.

Fumu Ali akacheka. "Bi Kazija, huu msafara au maziko?"

"Mwaka jana ulitukimbiza, Fumu. Ulifika na nani?"

"Nilifika na wanaume!"

"Na wake zao ukawaacha matopeni. Shika kapu la mirihani ya kuweka makaburini, ukae nyuma."

"Mimi? Nyuma ya goti la Bi Mize?"

Bi Mize akageuka. "Goti ni langu, mwanangu, lakini kelele ni zako. Twende."

Wakaenda. Penye ukindu walikaa, wakanywa maji, wakainuka. Hakuna aliyeita "ningojeni." Walipotokeza kwenye mikoko, maji yalikuwa bado yanatoka. Wakavuka wote, hata waliobeba watoto.

Bi Mize akafika kaburini. Akapiga magoti, zima na bovu, akaweka kiganja juu ya mchanga.

"Bwana, nimekuja," akasema.

Fumu Ali, mtu wa maneno mengi, alichutama kando yake, akawa anampa mirihani shada moja moja mpaka kapu likawa tupu.

Waliporudi, watu wa mji wa jirani wakamwuliza Fumu jinsi walivyoweza kuvuka wote. Angeweza kujisifu. Hakujisifu.

"Mwulizeni Bi Kazija," alisema. "Mimi nilichojifunza ni kwamba safari hupimwa kwa mguu wa mchovu."

Sasa nyinyi, yule mwenzenu mliyemwacha nyumbani kwa kuwa hutembea polepole, nendeni mkamwite kwanza, ndipo mpange. Safari hupimwa kwa mguu wa mchovu.