Wakili Mmoja, Maandazi Sita

Elimu yangu ya sheria niliipata kwenye karatasi za kufungia maandazi, kurasa za kitabu chakavu cha sheria. Shule niliiacha kidato cha pili, na hata huko nilikuwa nashika mkia.

Siku moja tajiri Msangi alimwambia mama, "Kiwanja hiki ni changu, uhame. Hati sina, lakini kesho namchukua Wakili Semboja, na mji huu hauna wakili mwingine."

Nikabeba maandazi sita, nikaenda kwa Semboja.

"Shikamoo, wakili. Mtu anasomaje mpaka awe kama wewe?"

"Marahaba. Wewe umeishia wapi?"

"Kidato cha pili. Hesabu nilipata nne kwa mia."

Alicheka mpaka andazi likampalia. Akanisimulia chuo kikuu, mtihani wa uwakili alioufeli mara mbili, na siku aliyovaa joho nje ndani mbele ya jaji.

"Na mjinga kama mimi akikuletea kesi?" nikauliza. Nikamweleza habari za kiwanja chetu, mashahidi wetu na hofu zetu zote. Akanishauri kwa moyo mweupe.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nauza maandazi mlangoni pa Semboja, Msangi alipofika.

"Siwezi kukutetea, mzee," Semboja alimwambia. "Binti huyu amekwisha kunipa siri za upande wao, nami nimemshauri. Nikimgeuka, nafutiwa uwakili."

Bila hati na bila wakili, Msangi alibaki na funguo za gari tu mkononi. Akanikazia macho.

"Nani kakufundisha haya?"

"Karatasi ya andazi, mzee, ukurasa wa kumi na mbili. Wa kumi na tatu ulilowa mafuta, ndiyo maana sijawa jaji."