Masikio Arudi Darasani

Kiwandani walimwita Masikio. Si kwamba masikio yake yalikuwa makubwa, la. Alikuwa na tabia ya kugusisha ncha ya bisibisi kwenye mashine ya sabuni, akatega sikio kwenye mpini, kisha akatamka ugonjwa kama daktari: "Beringi ya kushoto. Haifiki Ijumaa." Na kweli, Alhamisi beringi ingevunjika. Miaka kumi na minane alikula sifa hizo hadi kichwa kikavimba.

Ndipo kiwanda kikaagiza mitambo mipya. Meneja hakuuma maneno: atakayeisimamia lazima awe na cheti cha uhandisi mitambo, na asiye nacho atahamia stoo. Masikio akajiandikisha katika chuo cha ufundi, masomo ya jioni mara mbili kwa wiki na Jumamosi kutwa.

Siku ya kwanza, mwalimu alipoingia darasani, Masikio alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwalimu huyo alikuwa binti aliyefika kiwandani miaka tisa nyuma kuomba ajifunze kazi, na Masikio akamfukuza mbele ya kadamnasi: "Mashine si sufuria, mwanangu. Rudi nyumbani." Mafundi walicheka hadi wakashika mbavu.

Mwalimu alimtambua. Alisema tu, "Karibu, mzee. Tunaanza na kusoma michoro."

Masikio akajibanza dawati la nyuma, kanuna. Mistari ile ilikuwa kwake kama maandishi ya majini, lakini kuuliza hakuuliza. Jaribio la kwanza alipata kumi na moja kwa mia. Akafika nyumbani akitangaza kwamba chuo hakimfai.

"Chuo hakikufai, au mwalimu?" mkewe akauliza huku akikunja nguo.

"Yaani mimi nimpigie magoti yule niliyemfukuza?"

"Basi kahesabu misumari stoo, baba. Huko hakuna mwalimu."

Maneno yalimchoma. Jumamosi iliyofuata aliwatangulia wenzake wote, akamkuta mwalimu akifuta ubao.

"Mwalimu, siku ile nilikukosea, tena mbele ya watu. Nisamehe. Nakuomba unifundishe mchoro tangu mstari wa kwanza, kama mtoto."

Mwalimu akaweka dasta mezani. "Nililia njia nzima siku ile, mzee. Sijasahau. Lakini mimi sitakufukuza. Vuta kiti, njoo hapa mbele."

Akavuta. Vijana wenye umri wa wanawe wakawa wanamsahihisha, naye anafuta, anachora upya, hadi kidole kikaota sugu ya penseli. Miezi kumi na minne hakukosa kipindi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kuchonga shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya beringi, kwenye mashine ya kukerezea, kwa vipimo vya mchoro. Zamani angekadiria kwa jicho. Safari hii alisoma, akapima, akakwangua kiasi cha unywele, akapima tena. Jasho lilimtiririka. Msimamizi wa mtihani akaichukua shafti, akaisukuma ndani ya beringi. Ikaingia taratibu, haikukwama wala haikulegea.

"Umefaulu, mzee," mwalimu akasema, akimnyooshea mkono.

Masikio akaupokea kwa mikono miwili, kichwa chini. "Ahsante, mwalimu wangu."

Mwezi uliofuata alikabidhiwa mitambo mipya, michoro yake yote ikiwa wazi mbele yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.