Kura ya Kiungwana

Hapo kale, wanyama walipokuwa na manispaa yao wenyewe, yenye madiwani na Meya wa kuvaa mkufu, Bi Rehani, mke wa Pimbi, alifunika chungu cha maharage, akachukua debe.

"Baba Kombo, nakwenda mtoni. Uyachochee, yasishike chini."

"Nitachochea," alisema Pimbi.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Mtoni alikuwepo Mamba. Majirani walimletea Pimbi debe tupu, na maharage yakaungua.

Sasa, jambo lililomkaa Pimbi rohoni ni hili. Mtaa wao wa Miambani haukuwa na maji, lakini bomba nene lilipita chini ya mlango wake, likienda kujaza bwawa la Mheshimiwa Kiboko. Pimbi alikuwa diwani wa mtaa huo, mdogo kuliko madiwani wote, na kila kikao aliomba koki moja tu. Baada ya matanga aliomba tena.

"Pole sana, ndugu yetu," alisema Kiboko, mwenyekiti wa Kamati ya Maji. "Lakini shida ya maji mimi siioni. Nashinda ndani yake kutwa."

"Waoge tope," alisema Nyati. "Mimi naoga tope, na afya yangu mnaiona."

"Na maiti haikupatikana kabisa?" aliuliza Fisi wa Kamati ya Afya, akimeza mate.

Kifaru alikuwa amesinzia. Baraza likatoa rambirambi, likaenda kunywa chai.

Pimbi hakunywa. Alijua kwamba Meya akitaka koki iwekwe, huwekwa. Na Meya mzee, Tembo, alikuwa anastaafu. Kesho yake madiwani wangemchagua mwingine miongoni mwao. Kiboko, Nyati, Fisi na Kifaru, kila mmoja alishaamini kiti ni chake.

Akamfuata Kiboko bwawani.

"Shikamoo, Mheshimiwa Meya."

"Marahaba. Bado lakini, bado," alisema Kiboko, masikio yakimchezacheza.

"Imebaki nini? Kura yangu unayo. Wengine nimewasikia wakikutaja. Nachelea kitu kimoja tu. Kura zikihesabiwa, watu watanong'ona: huyu naye alijipigia mwenyewe, ana uroho kama hana kwao."

Kiboko alitoa kichwa chote majini. "Kwani watu hawajipigii?"

"Wengine hujipigia. Waungwana hawajipigii."

"Basi nimpe nani? Nyati? Si atavimba kichwa?"

"Usimpe mwenye nafasi, Mheshimiwa. Mpe asiyeweza kushinda, kura ipotee salama."

"Kama nani?"

Pimbi alitazama vidole vyake. "Hata mimi."

Kiboko alicheka, maji yakamwagika bwa! nje ya bwawa, yakapotea mchangani. Pimbi aliyatazama yakipotea.

"Wewe! Mkufu ukikuvaa utaanguka kifudifudi!"

"Ndiyo maana nikasema ipotee."

Kutoka hapo alikwenda kwa Nyati, akamwambia kwamba ungwana unataka shingo ngumu kama yake. Fisi alimwambia kwamba uroho ndiyo sifa pekee anayosingiziwa, na sasa ana nafasi ya kuwaziba watu midomo. Kifaru ilibidi aelezwe mara mbili. Alipoelewa, alidai kwamba ni fikra yake mwenyewe.

Kesho yake walipiga kura kwa siri, kila diwani akiandika jina na kutumbukiza karatasi kwenye sanduku. Karani Kobe akafungua, akasoma taratibu kama kawaida yake.

"Pimbi."

Kiboko alitabasamu. Hiyo yangu, aliwaza.

"Pimbi."

Nyati naye akatabasamu.

"Pimbi. Pimbi." Kobe alifuta miwani, akachukua ya mwisho. "Pimbi. Kwa kauli moja."

Fisi alianza kucheka, akasita katikati.

"Mwenye pingamizi asimame," alisema Kobe, "aeleze alimpigia nani, na kwa nini."

Viti vililia kwa uzito wa waliokuwa juu yake, lakini hakuna aliyesimama. Mwisho Kiboko akainama juu ya meza.

"Na wewe, Pimbi. Ulijipigia?"

"Nilijipigia, Mheshimiwa."

"Si ulisema waungwana hawajipigii?"

"Nilisema hivyo. Sikusema kwamba mimi ni mmoja wao."

Tembo akamvika mkufu. Ulimfika miguuni, lakini hakuanguka.

Nanyi mnaonisikiliza, shikeni hili: anayetaka kuonekana muungwana hudanganyika upesi kuliko muungwana mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata Meya Pimbi aliuacha mkufu kitini, akamwita Fuko, fundi bomba. Fuko akachimba chini ya mlango, gwa gwa gwa, akalipata bomba, akaliwekea koki. Miambani wakajipanga na ndoo na vibuyu. Bwawani Kiboko aliwatuma watu waulize mbona maji yamepungua, wakajibiwa kwamba shida hiyo Meya haioni.

Zamu yake ilipofika, Pimbi alijaza debe la Bi Rehani, akalibeba mwenyewe hadi ndani. Akabandika maharage. Akavuta kigoda karibu na chungu, akachochea mpaka yakaiva, na hayakushika chini.