Watu Elfu Kumi, na Juu Yao Saba

Hapo zamani, katika mji wa Mkondeni, Sultani Zaharani alitaka zizi la farasi, na pahali alipopapenda ni pale penye kibanda cha Faki Kibogoyo, fukara asiye na meno wala haya. Kumpokonya waziwazi ilikuwa aibu, basi waziri wake Shekue, bingwa wa hesabu, akamtafutia hila.

Ikawa siku ya Idi, Faki akaitwa uani kwa Sultani, kwenye karamu.

"Ewe Faki," akasema Sultani, "humu mna watu elfu kumi, na juu yao saba."

"Nimewahesabu mwenyewe," akasema Waziri. "Wewe Faki umo, mimi nimo, na wapishi wamo."

"Basi," akasema Sultani, "waketishe kwenye masinia watu wote waliomo uani, kila sinia idadi sawa. Asiingie mtu, asitoke mtu. Asile mtu peke yake, wala wote wasirundikane sinia moja. Ukishindwa, nyumba yako ni zizi kabla ya alasiri."

Sasa, msomaji, usijisumbue. Idadi ile haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mimi shule niliikimbia mapema, lakini nimeijaribu kwa kila namba mpaka mia, na kupita mia hapana haja. Wewe uliyemaliza shule unajua kwa nini, au utajifanya unajua.

Faki akawaketisha watano watano, wakabaki wawili. Saba saba, wakabaki wanne. Pilau ikaanza kupoa.

"We Kibogoyo, tumekuja kula au kuhesabiwa?" watu wakapiga kelele.

Akajaribu sita sita, na sinia la mwisho likapata watu watano. Faki akalitazama, akaenda zake mpaka kwenye kiti cha enzi, akainama.

"Karibu, bwana wangu. Sinia lako linakungoja."

"Mpumbavu we!" Waziri akafoka. "Tangu lini Sultani akahesabiwa pamoja na raia? Mkondeni ni mwiko!"

"Ni kweli, Bwana Waziri. Ila bwana wangu alisema watu wote waliomo uani. Nami nauliza tu, nijue: Sultani si mtu?"

Waziri akafungua kinywa, nzi akaingia.

"Sema, Shekue," akasema Sultani. "Hata mimi nataka kusikia."

"Ni mtu, bwana wangu. Mtu kabisa."

Basi Sultani akavua viatu, akaketi mkekani, yakawa masinia elfu moja mia sita sitini na nane, kila moja watu sita, hakuna aliyebaki. Akanyoosha mkono achukue mnofu wa katikati, na mpasua kuni aliyeketi ubavuni pake akamwambia, "Mzee, kula mbele yako."

Sultani akaurudisha mkono. Kisha akacheka mpaka wali ukampalia, akamwachia Faki nyumba yake na kiwanja chake daima.

Zizi likajengwa uani kwa Waziri. Mwenye kubisha na achukue kalamu, agawanye.